Kigoda cha Mpiga Pasi

Ngazi zilipokata kona, akakikunjua kigoda chake akaketi. Tisa zimekwisha, tisa zimebaki. Aliyeamua kuiweka zahanati ya kiwanda ghorofani hakika hakuwahi kuumwa.

“Mama Kigoda!” Mshonaji mmoja wa vifungo alimpita akiruka ngazi mbili mbili. “Leo unauza nini hapo?”

“Nauza njia. Pita upesi kabla sijapandisha bei.”

Akacheka ili mwenzake naye acheke, aende zake. Kisha akasubiri moyo uache kumgonga mbavuni.

Kabla ya homa ile alikuwa mpiga pasi wa mstari wa mwisho, mashati mia tatu kwa siku, kwa miguu yake miwili. Homa ilikaa siku tisa, ikaondoka. Kilichobaki hakikuwa na jina. Huu ulikuwa mwezi wa nane tangu homa. Akisimama nusu saa tu, kichwa kinajaa ukungu na miguu inakuwa ya mtu mwingine. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye hutambaa chini ya meza ya pasi, akalala chali sakafuni na kuweka miguu juu ya kigoda, mpaka damu ikumbuke njia ya kurudi kichwani. Huko ndiko alikopewa lile jina.

Nyumbani hakuthubutu kulalamika. Yeye na mdogo wake waliugua wiki ile ile, na mdogo wake hakurudi kutoka hospitali.

“Mwenzako yuko udongoni,” mama yao alimwambia siku moja, si kwa ukali, akikunja nguo za marehemu. “Wewe unapumua. Shukuru.”

Akashukuru. Alishukuru akiwa amelala.

Sasa msimamizi alikuwa amesema wazi: kwenye vifungo kuna nafasi moja, kazi ya kukaa. Alete saini ya daktari leo, la sivyo Jumatatu arudi kwenye pasi au abaki kwake.

Juu, watu watatu walikuwa wamemtangulia. Nesi alikuwa akiandika daftarini, simu yake na nyingine kubwa nyeusi zikichajiwa ukutani nyuma yake. Kila mgonjwa alipotoka, nesi alisema lile lile.

“Subirini dakika kumi. Daktari anapiga simu.”

“Kila mgonjwa na simu yake?” mzee wa stoo alinung'unika. “Ana wake wangapi huyu?”

Foleni ikacheka. Nesi hakucheka.

Zamu yake ilipofika, alikuta mapazia yamefungwa mchana kweupe. Daktari hakuinuka. Mafaili yote yalikuwa yamerundikwa mezani, ilhali kabati lilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Akakiegemeza kigoda kwenye meza, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

“Unasumbuliwa na nini, mama?”

Akamweleza. Miguu, ukungu, moyo.

“Tangu lini?”

“Tangu homa. Miezi minane.”

Daktari akaandika, akakitazama alichoandika. “Tangu lini?”

“Nimesema miezi minane, daktari.” Hata kusikiliza hasikilizi, aliwaza.

“Na ukishaoga, inakubidi ulale kwanza ndipo uvae?”

Akashtuka. Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Mtu mzima kushindwa na ndoo moja ya maji ni aibu.

“Ndiyo,” alisema polepole.

Daktari akavuta karatasi za vipimo vyake kutoka kwenye faili. “Damu safi. Moyo safi. Mapafu safi.”

“Basi naumwa nini?”

“Fomu inataka niandike kipimo kilichoonyesha ugonjwa. Sina cha kuandika.”

“Andika unachokiona!”

“Aliyekaa kiti hiki kabla yangu alikuwa akiandika anachokiona.” Hakuinua macho. “Unamwona hapa?”

Akaandika maneno matatu, akagonga muhuri. Mzima. Arudi kazini.

Mama Kigoda aliyasoma mara mbili. Akaiona meza ya pasi, mvuke ukimpanda usoni, na Jumatatu ikimjia kama mlango unaofungwa.

“Ungeubeba mwili huu siku moja tu, daktari,” alisema. “Lakini utajuaje wewe? Umekaa kitini tangu asubuhi.”

Daktari alikuwa akikitazama kigoda.

Alitoka bila kuaga. Nyuma yake akamsikia nesi: “Dakika kumi jamani, daktari anapiga simu.” Hasira ilimpa nguvu za kuazima, zikamfikisha mpaka kwenye kona ya ngazi. Hapo zikaisha. Akanyoosha mkono kukitafuta kigoda, akashika hewa.

Ngazi tisa za kurudi alizipanda kwa kuegemea ukuta, mbili, akapumzika, mbili, akapumzika. Alipotokeza juu, nesi alisimama haraka.

“Dada, usiingie, daktari anapiga...”

Alikuwa ameshausukuma mlango.

Kiti cha daktari kilikuwa kitupu. Kwenye meza, pale alipokiegemeza kigoda, hapakuwa na kitu. Akaizunguka meza.

Daktari alikuwa amelala chali sakafuni, macho ameyafumba, koti jeupe limekunjwa chini ya kichwa, na miguu yake yote miwili iko juu ya kigoda.

“Funga mlango, dada yangu,” alinong'ona. “Dakika kumi tu, nitakurudishia.”