Hatua Mia Nne na Tatu

Mshonaji aligonga goti kwenye meza ya kuchomelea, akakiomba chuma radhi.

Alikuwa amejifunga kitambaa machoni mchana kweupe, na hii ilikuwa wiki ya tano. Daktari hakumung'unya maneno: macho yana miezi mitatu, yakijitahidi sana minne, basi. Tangu siku hiyo, kila siku saa sita mchana alifunika cherehani yake na kuitembea njia ile, kutoka mlangoni kwake hadi lango la shule, kipofu wa kujitakia.

"Dada, si macho bado yapo?" fundi wa kuchomelea alimwuliza, akimshika kiwiko. "Yatumie basi."

"Nikingoja giza liingie ndipo nijifunze, nitakuwa nimechelewa."

Fundi akamwachia kiwiko. Mtaa mzima ulikuwa ukimwonea huruma.

Wiki ya kwanza alilia njia nzima. Miaka kumi na miwili alikuwa amepita hapa mbiombio, akiuona mtaa huu mbovu kuliko yote duniani. Sasa ndipo alipoufahamu. Ukuta wa duka la rangi ulikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Penye bomba linalovuja hewa ilipoa ghafla, na matone yalianguka kwa madaha. Mbao za seremala zilinukia hata akasimama bure tu, avute pumzi. Kumbe ulikuwa mtaa mzuri, na ilimuuma kuujua kwa sababu hii. Alijijua na yeye mwenyewe pia: mwoga, tena mkaidi kuliko alivyodhani.

Siku hiyo alifika langoni bila kujikwaa tena. Jioni alimsimulia bintiye, Chiriku, aliyekuwa akichora sakafuni, pua karibu iguse karatasi.

"Hatua mia nne na tatu."

"Zako au zangu?" Chiriku aliuliza. Mtoto huyo hakuishiwa maswali.

"Zangu. Zako ni kama mia sita."

"Nyingi."

"Si nyingi ukizizoea."

Wiki nane zikapita. Asubuhi moja jua lilijaa chumbani mpaka chini ya kitanda. Chiriku aliketi, uso ameuelekeza dirishani, akangoja sana kabla ya kusema.

"Mama, leo hakukuchi?"

Mshonaji alichukua kitambaa, akajifunga machoni, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwanawe.

"Kumekucha, mwanangu. Twende nikuonyeshe."