Tafsiri ya Mwalimu

Daktari alisema kwa Kiingereza kwamba uhai wa mzee unaning'inia kwenye uzi. Nahau hiyo mwalimu alikuwa ameifundisha miaka ishirini.

"Amesemaje, mwanangu?" mama yake aliuliza. Kwa siku tatu hakuwa amebanduka kando ya kitanda cha mumewe.

Mwalimu alimtazama mama. "Anasema baba anaendelea vizuri."

"Mungu mkubwa! Basi nikaoge nyumbani, nirudi kesho. Nanuka kama beberu!"

Daktari, akidhani mama amezipokea habari kishujaa, alimpa mkono wa pole. Mama aliutikisa kwa furaha, kisha akatafuta viatu vyake. Miguu iliyovimba ilikataa kuingia.

Mwalimu alivichukua viatu. Alipiga magoti, akauficha uso wake, akamvalisha.