Kishimo cha Shavuni

"Pigia upande huu," bwana harusi alimwambia mpiga picha, akitanguliza shavu la kushoto. Akatabasamu, na shavu likabonyea kishimo cha kuenea punje ya mahindi.

"Hiki sikukinunua dukani. Nimezaliwa nacho! Watoto wetu watakigombania."

Bibi harusi akacheka, akamweka sawa kola. Kusema kweli, kishimo hicho ndicho kilichomteka, na bwana harusi alilijua hilo. Tangu aanze kunyoa ndevu alikuwa akikitembeza mtaani kama wenzake wanavyotembeza gari jipya.

Nyuma yao shangazi wa bwana harusi, aliyemlea, alijizuia akashindwa. Kicheko kikamtoka mpaka kilemba kikamlegea.

"Uzaliwe nacho wapi, mwanangu? Ulikuwa na miaka miwili. Ulimnyang'anya jogoo mahindi yake, ukayatia mdomoni. Naye akayafuata hukohuko, akakudonoa shavu!"

Studio nzima ikamkodolea macho. Bwana harusi aligusa shavu taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko akakuta pochi haipo. Bibi harusi alikuwa anamtazama, midomo ameibana.

Mara kishimo kikabonyea tena, zaidi kuliko mwanzo.

"Kumbe nimekipigania!" bwana harusi akasema, kifua mbele. "Cha kuzaliwa kina sifa gani? Hata mbuzi huzaliwa na mkia. Mimi hiki nimekitoa vitani!"

"Na nani alishinda?" bibi harusi akauliza.

"Jogoo," akajibu shangazi, na hapohapo mpiga picha akabonyeza.