Pole kwa Kuzaliwa

Tarehe aliyofariki Kiongozi Mkuu, furaha ni kosa la jinai. Riziki, binti wa Saumu, aliichagua tarehe hiyohiyo kuzaliwa, tena bila kibali. Basi kila mwaka majirani huja wameinamisha vichwa, wakampa mkono: "Pole sana, mwanetu, kwa kutimiza mwaka mwingine."

Alipofikisha miaka saba, uvumilivu ulimshinda mama yake. Wageni walipoondoka, Saumu alifunga madirisha, akatoa keki uvunguni mwa kitanda, akampigia mwanawe kigelegele kimoja, cha chini kabisa.

Riziki alimziba mdomo kwa kiganja. "Mama! Unanifurahia leo? Huoni haya?"

Kisha akasimama wima, kama walivyofundishwa shuleni, akamwomba mama yake radhi kwa kuzaliwa.