Ndezi Akataa Kibuyu cha Asali

Huko bondeni, na asiyeamini akaulize, Ngiri aliwazungushia majirani kibuyu cha asali kutwa nzima, na asiyelamba alifukuzwa kwenye shimo lake mwenyewe. Siku moja Ndezi akakataa.

"Nimelamba wakati wa chakula, nimepiga mswaki. Meno yakishinda na asali yanaoza."

"Bibi Mswaki huyo," Ngiri akacheka. "Lamba au hama."

"Nahama, na meno yangu yote."

Ndezi hajafika mbali, wavu wa mwindaji ukamnasa Ngiri. Akauma kamba, jino lililooza likakatika.

"Dada Ndezi, nikatie kamba hizi," akaita.

"Na kibuyu?" Ndezi akauliza, akirudi.

"Wakati wa chakula tu, dada."

Ndezi akazitafuna kamba zote, akatema nyuzi, akarudi shimoni mwake bila kuomba ruhusa, kijiti cha mswaki mdomoni.