Kikombe cha Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi wanawake sita wa blogu moja ndogo, mashoga wasiowahi kuonana, waliweka picha ya kikombe mkononi na kuandika walichoamka nacho moyoni. Leo mmoja wao, Mwanakheri, alichelewa. Mumewe, Sudi, alikuwa amemvunja mkono wa kulia kwa mchi.

"Weka picha, wasije wakakuulizia," alisema Sudi, akampiga picha yeye mwenyewe, kikombe kikiwa mkono wa kushoto, akaiweka.

Jibu likaingia papo hapo: "Shoga, mkono wa kulia una nini?"

La pili likafuata: "Geti hilo jekundu linaloonekana dirishani mwako nalijua. Nakuja sasa hivi."

"Aje tu," alisema Sudi, akaugeukia mlango, mchi begani.

Nyuma yake, kwa mkono uliobaki, Mwanakheri akaliepua birika, chai ingali ikitokota.