Chozi la Getini

"Kata," alisema mwongozaji, akavua kofia akaipiga pajani. "Anacheka tena. Anaachwa shule ya bweni, gari linaondoka, yeye anacheka. Jamani."

Njiti alikuwa amesimama getini na sare mpya, soksi hadi magotini, sanduku la bati miguuni. Jina hilo alipewa na watu wa kamera kwa wembamba wake. Gari lenye mama wa kuigiza likarudi kinyumenyume mpaka lilipoanzia, kwa mara ya ngapi sijui, hata dereva alishachoka kuuliza.

Walishampaka dawa ya mafua chini ya macho. Macho mekundu, machozi hakuna. Wakaleta kitunguu. Akawasaidia kukimenya.

"Kwenye kitabu halii," Njiti akasema, kwa adabu zake zote.

Na kweli halii. Vile vitabu vya shule ya bweni kila mtu pale alikua navyo. Mwongozaji mwenyewe alivisoma utotoni mpaka majalada yakabanduka, akahangaika ukubwani mpaka televisheni ikakubali avigeuze mchezo. Ukurasa wa kwanza kabisa, Kidoti, msichana wa vitabu hivyo, anaachwa getini, na anacheka na kupunga mkono mpaka gari linapotea, ili mama yake asiondoke na moyo mzito.

"Kitabuni wanakueleza moyoni kuna nini," mwongozaji akamwambia. "Huku kwetu mtu akicheka, amecheka, basi. Nataka chozi, mwanangu. Hata la jicho moja."

"Sina."

"Mpeni langu," fundi wa sauti akadakia. "Mimi na jua hili nalia tangu asubuhi."

Mwongozaji hakucheka. Alimvuta pembeni msaidizi wake, dada ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia watoto.

"Mwambie mama yake kaondoka."

"Si yule pale kwenye benchi, na begi lake?"

"Mfiche. Halafu mwambie kaondoka kweli, kamwacha. La sivyo namvalisha sare yule mtoto mwingine, huyu arudi kwao leo hii."

Yule mwingine alikuwa ameshakaa ukutani, anachanwa nywele.

Msaidizi alikwenda kwenye benchi miguu mizito. Alieleza huku anaangalia chini, akingojea kutukanwa. Mama Njiti hakutukana.

"Akilia, ndiyo anapata kazi?"

"Anapata, mama. Na anakaa humuhumu na wenzake mpaka tumalize. Bweni ni la kweli, vitanda vya kweli. Mpishi yupo, mwalimu yupo."

"Hata kama mzazi hayupo?"

"Wala usiwe na wasiwasi. Mimi mwenyewe nalala nao chumba kimoja."

Mama alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. "Una roho nzuri, mdogo wangu," akasema.

Afadhali angetukana. Msaidizi alimpeleka chumba cha mavazi, akamwekea kiti, akafunga mlango polepole. Kisha akarudi getini, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Njiti, mama kaondoka."

"Kaenda wapi?"

"Kaondoka tu. Kasema ubaki na sisi."

Alikuwa anaongea na vifungo vya ile sare, maana macho hakuyaweza. Njiti aligeuka kuangalia benchi. Halafu akaangalia barabara. Kamera ilishawashwa kimyakimya.

Hakupiga kelele. Mdomo ulianza kutetemeka, akaubana kwa kiganja. Akajaribu kucheka, kama Kidoti, kicheko kikakatikia njiani, na machozi yakaja yenyewe, mengi, mpaka kwenye kola. Mama wa kuigiza, kule garini, akasahau maneno yake. Fundi wa sauti akavua hedifoni akazishika tu mkononi.

"Kata," mwongozaji akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyepiga makofi. Ghafla kila mtu alikuwa na kazi: huyu anakunja waya, yule anafungua chupa ya maji ambayo hanywi. Mwongozaji alipita karibu na mtoto, akanyoosha mkono amshike kichwa, mkono ukaishia mfukoni.

"Nafasi ni yake," akamwambia msaidizi bila kumtazama. "Mrudishie mama yake basi, haraka."

Msaidizi alipiga magoti kwenye vumbi, suruali yake safi na vyote.

"Njiti, nisikilize. Nilikudanganya. Ulikuwa uongo, ili ulie. Mama yupo chumba cha mavazi. Ukitaka kunichukia, nichukie, ni haki yako."

"Yupo?"

"Yupo, haki ya Mungu."

Njiti alijifuta kwa mkono wa sweta, akamshika msaidizi kidole, wakaenda mwendo wa nusu kukimbia. Mtoto ndiye aliyesukuma mlango.

Sare zilikuwa zinaning'inia kwenye chuma cha kutundikia, safu nzima. Mlango wa nyuma, ule wa kutokea barabarani, ulikuwa wazi. Na kwenye kiti kulikuwa na lile begi la mama, zipu imeshindwa kufunga: magauni ya Njiti yamekunjwa vizuri, viatu, mswaki, na juu yake blanketi la kitandani.

Msaidizi aliita. Akatoka nje akaita tena, akarudi, akakaa sakafuni palepale, mikono usoni.

Njiti alilivuta lile blanketi, akalinusa. Halafu akaja akamwekea mkono begani.

"Usilie, dada," akasema. "Kumbe hukunidanganya."